Mabawa ya Uzi Mweupe

Haya nilisimuliwa na Fiacre, fundi cherehani, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili mwaka jana, ndani ya basi. Wikendi ile reli ilikuwa inatengenezwa, kwa hiyo sisi tuliotoka kanisani Penrith tulipandishwa mabasi badala ya treni, na basi letu likawa linaingia kila kituo hata pale pasipokuwa na mtu. Muda tulikuwa nao. Niliona kidole gumba chake kina alama za sindano, nikamuuliza siku hizi anamshonea nani. Akacheka.

"Bibi, wateja wangu wana miguu minne."

Nikamwambia, haya mwanangu, sema, basi lenyewe halina haraka.

Huyu Fiacre ni Mrundi wa Makamba, amekulia kambini Tanzania, na ushonaji alijifunzia huko huko kambini. Ninyi mnaowajua mafundi wetu mnajua tabia yao. Anakwambia njoo Alhamisi. Alhamisi anakwambia kimebaki kifungo tu, njoo Jumamosi. Jumamosi unakuta kitambaa bado hakijakatwa, kimelaliwa na paka. Siku ya harusi yenyewe umesimama na shimizi dukani kwake, naye anatia mkono wa pili. Fiacre hakuwa hivyo. Akisema Jumanne ni Jumanne, nguo imepigwa pasi na imekunjwa. Kambi nzima ilimjua kwa hilo, na watu walimwachia vitambaa vyao wakaenda zao bila wasiwasi.

Hapa Sydney anashona mapazia. Ni kazi nzuri, ya kukaa, ila ni mstari ulionyooka kuanzia asubuhi mpaka saa tisa.

"Pazia halina kiuno, Bibi," aliniambia. "Halina bega. Halikwambii hapa panabana. Miaka saba sijampima mtu."

Yeye na mkewe Yvette waliachana, mwaka wa nne huu. Hawakutukanana, walichoka tu. Yvette alibaki na mtoto wao Iteka kwenye nyumba ya ghorofa Bankstown, na Fiacre akaenda kupanga kijumba cha uani kwa watu huko Penrith. Iteka ana miaka kumi na mmoja. Kila Ijumaa ya pili Yvette humpeleka kwa baba yake kwa gari baada ya shule, na Jumapili humfuata. Mwaka wa kwanza mtoto alikuwa anakuja amenuna, anakaa na simu yake mpaka Jumapili.

Kisha rafiki yake wa shule akawa anatafuta mtu wa kuwachukua simbilisi wake wawili. Mnawajua simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaolia wii, wii. Kwetu kijijini Walungu tuliwafuga jikoni karibu na moto, na sitaficha, walikuwa mboga. Iteka anajua hilo, na nikienda kwao huwa haniondolei macho. Basi, mwenye nyumba wa Bankstown hakutaka mnyama. Fiacre akasema, waleteni kwangu.

Mtoto aliwaita kwa Kiingereza, majina ya vitafunwa, na baba yake akayageuza: Biskuti na Karanga. Wao wenyewe hawakuitikia jina lolote. Waliitikia mlango wa friji. Fiacre akirudi kutoka kwenye mapazia, akifungua tu friji, wanapiga kelele nyumba nzima.

Na tangu siku ile Iteka akawa anakuja mbio. Anashuka kwenye gari anakimbia, anampita baba yake mlangoni, moja kwa moja mpaka kwenye banda lao.

"Ananipita kama mtu anavyopita mlango," Fiacre alisema. "Lakini si kitu. Mtoto anayekimbilia nyumbani kwako, hata kama hakukimbilii wewe, bado anakimbilia nyumbani kwako."

Mwezi wa kumi, mwanzoni, Yvette alimpigia simu. Amepata nyumba Liverpool, ya chini, ina uwanja, na mwenye nyumba amekubali wanyama. Wanahama mwisho wa mwezi. Jumapili ile ya mwanzo wa Novemba akija kumfuata Iteka atawachukua na simbilisi.

"Utapumzika na mavi yao, Baba Iteka," akamwambia. Alisema kwa wema, Yvette si mtu mbaya. Kisha akaongeza, "Na mtoto anakua, ana mambo yake ya wikendi sasa. Tusimlazimishe. Akitaka kuja kwako, atakuja."

Fiacre akasema sawa.

Simu ilipokatika alikuwa amesimama mbele ya friji, mlango wazi, anatafuta tango la wale wanyama. Akasimama hivyo hivyo mpaka friji yenyewe ikaanza kulia. Akafunga. Akakumbuka hajatoa tango. Akafungua tena.

Wiki ile ile Iteka akamtumia ujumbe wa sauti. Ijumaa ya zamu yake ingekuwa ndiyo siku ya Halowini, na Vanessa, msichana wa nyumba ya pili kutoka kwa Fiacre, alikuwa ameandaa maonyesho ya wanyama wanaofugwa mtaani, pale kwao, saa kumi na moja na nusu. "Baba, unaweza kuwashonea Biskuti na Karanga nguo za Halowini?"

Sasa hapa ndipo Fiacre alipokosea, na ningekuwa mimi ningekosea vivyo hivyo. Halowini yeye alikuwa anaiona tu kwa majirani, mafuvu ya plastiki na utando wa buibui wa dukani juu ya maua. Siku hiyo kila mwaka alikuwa anafunga mlango na kukaa kimya ndani, kwa sababu hakujua watoto wakibisha kuomba peremende aseme nini. Lakini alichojua ni kwamba ni sikukuu ya watoto. Na sikukuu ikija, kwetu mtoto anavaa nguo mpya. Umaskini wowote ule, Noeli mtoto anatoka na nguo mpya. Yeye kambini alikesha Desemba ngapi akishona magauni ya wasichana na visuti vya wavulana!

Akatoa futi yake ya kupimia. Akatoa lile daftari la vipimo alilokuja nalo kutoka Tanzania, akafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, jina la mama mmoja, kifua, kiuno, urefu. Chini yake akaandika Biskuti. Shingo, kifua, mgongo kuanzia kisogoni mpaka pale ambapo mkia ungekuwa. Penye kiuno akaweka mstari, maana kiuno hakikuonekana.

Alishona jioni tisa. Biskuti akapata koti la sufu ya kijivu, lenye kola na bitana ndani, na kizibao chake. Karanga akapata gauni la kitenge, mikono imekunjwakunjwa mabegani, pindo limeshonwa kwa mkono mpaka uzi hauonekani. Akapiga pasi. Akazitundika kwenye vining'inizio alivyopinda mwenyewe kwa waya, ukutani, mahali ambapo mtu akiingia anaziona.

Ijumaa ikafika, na joto la Penrith mnalijua, siku ile lilikuwa nyuzi thelathini na nne. Saa kumi gari likasimama. Iteka akaja mbio, akampita baba yake, akafika bandani, akainua macho. Akaziona zile nguo ukutani.

"Baba. Hii ni nini?"

"Nguo za sikukuu."

Mtoto alijibu kwa Kiingereza, kama wanavyojibu wote, mimi nawaambia kwa lugha yetu. "Baba, Halowini si harusi. Wanatakiwa watishe! Mizimu, popo, wachawi. Biskuti anafanana na mzee wa kanisa."

"Mzee wa kanisa hatishi?"

Iteka akauma mdomo, kicheko kikamponyoka, kisha akakizima. Akagusa lile koti. "Na lina bitana. Leo joto, Baba. Simbilisi akipata joto anaweza kufa."

Hata hivyo alimvalisha Biskuti, dakika moja, kwa ajili ya baba yake. Yule mnyama akajilaza mezani kama donge la unga, macho yamemtoka. Iteka akamvua haraka, akampuliza. Kisha akamgeukia baba yake na kusema kwa Kiswahili, taratibu, neno moja moja, "Ni nzuri sana, Baba. Asante sana."

"Kiingereza chake hakikuniuma," Fiacre aliniambia. "Kile Kiswahili ndicho kilichoniuma. Alisema kama mtu anayesema na mgonjwa."

Fundi akatazama saa. Ilibaki saa moja na dakika kidogo. Akatazama nyumba yake nzima, kipande hapa, kipande pale, vyote vya mapazia, vizito, rangi ya maziwa. Nyuma ya mlango umetundikwa mwavuli wake mweusi, ule anaokwenda nao kituo cha basi. Akauchukua, akaufungua humo humo ndani.

"Popo anatisha?"

"Popo anatisha," Iteka akasema.

"Basi tazama. Mwavuli umeshakatwa kama bawa. Sisi kazi yetu kuuvua mifupa."

Akaukata. Iteka akamshika Biskuti mezani, naye akamwekea kipande mgongoni, akaweka alama kwa chaki. Pini hakutumia, kwa mnyama hapana. Akakata utepe laini, mpana, wa kupita chini ya tumbo.

"Hapa panabana, mzee?" akamuuliza simbilisi, kwa mazoea tu.

Iteka akajibu kwa sauti ya puani, "Kidogo, fundi. Mchana nimekula sana."

"Ungeniambia mapema. Nyinyi wateja mnakula halafu mnamlaumu fundi."

"Na mke wangu Karanga anasema kwake kuwe na madoido."

"Karanga si mke wako, wote ni wanawake."

"Fundi, shona. Acha umbea."

Sindano ilikuwa na uzi mweupe, na kama angetafuta mweusi muda usingetosha. Akashikiza kwa ule mweupe, mishono mirefu, ile ya kushikilia tu nguo kabla haijapita kwenye cherehani. Kila akivuta uzi, mtoto anasogeza kichwa karibu aone. Ndipo sindano ilipomchoma kidole, mara mbili, fundi wa miaka yote ile.

Walifika kwa Vanessa wakati maonyesho yanaanza. Kulikuwa na mbwa aliyevalishwa kama soseji na paka aliyekataa kutoka kwenye kikapu. Wazazi walikuwa wamesimama kwenye nyasi na vinywaji vyao, wanaongea. Mmoja alimsalimia Fiacre akapita kabla hajajibiwa. Fiacre akabaki kwenye ua wa mbao, ameshika sanduku la simbilisi mikono miwili, nalo tupu. Kutoka pale akaona watoto wamezunguka wale popo wawili juu ya taulo. Biskuti amesimama kama jiwe. Karanga anageuka, ananusa bawa la mwenzake, anaanza kulitafuna. Watu wakacheka. Vanessa akauliza mabawa yamenunuliwa wapi.

"Baba yangu ameshona," Iteka akasema. "Yeye ni fundi wa kweli."

Hakugeuka kumwonyesha, alisema tu, akawavua wanyama mabawa maana dakika tano alizojiwekea kwa sababu ya joto zilikuwa zimetimia, akawapa vipande vya tango. Fiacre akahamisha sanduku toka mkono huu kwenda mkono ule.

Jumamosi wakasafisha banda kwa ajili ya safari. Iteka alikuwa anatoa majani makavu, baba yake ameshika mfuko.

"Mama," Fiacre akasema, maana ndivyo anavyomwita binti yake, "kwani mmoja hawezi kubaki?"

"Haiwezekani, Baba. Simbilisi akiachwa peke yake hali chakula. Anajikunyata kwenye kona, anaugua." Hakuinua uso, alikuwa anakwangua chini. "Lazima wawe wawili."

"Ndiyo," Fiacre akasema. "Lazima wawili."

Akafunga mfuko akaupeleka nje.

Jumapili Yvette akaja. Banda likaingia kwenye gari, sanduku likaingia, wii wii imejaa kiti cha nyuma. Iteka akarudi ndani kuchukua mkoba wake, akatoka na mabawa mkononi.

"Nayachukua na haya."

Na hapo Fiacre akasema neno ambalo tangu ashike sindano hajawahi kumwambia mteja.

"Bado hayajaisha."

"Lakini Halowini imepita, Baba."

"Ipo ya mwakani. Haya ni ya kushikiza tu, unaona uzi mweupe huu? Mimi sitoi nguo ya kushikiza ikatembea nje na jina langu. Yaache. Njoo Ijumaa ya zamu yako, utayakuta tayari. Na wateja uje nao, waje kujaribu. Mimi sipimi kwa simu."

Yvette akashika mlango wa gari. "Fiacre? Wewe? Njoo Ijumaa?" Akacheka mpaka akaegemea gari. Gauni la harusi yao alilishona huyu huyu, na lilikuwa tayari siku nne kabla. "Jamani, na wewe umekuwa fundi kama mafundi wengine!"

Kisha akamtazama usoni, kicheko kikaisha. Akamtazama mtoto. "Haya," akasema. "Tutaona."

Iteka akayaweka mabawa mkononi mwa baba yake, akaingia kwenye gari.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya nusu saa. Mimi siyo fundi lakini hata mimi ningeimaliza. Fiacre akayalaza mabawa juu ya cherehani, na yakakaa. Akirudi kutoka kwenye mapazia anafungua friji, kimya. Siku tatu alipita dukani akanunua majani ya karoti kama kawaida, ya nne akakumbuka. Nyasi za uani ambazo alikuwa anazikata kwa mkono kila jioni zikaota mpaka kwenye kifundo cha mguu, na pale banda lilipokuwa pakabaki mraba usio na vumbi.

Ijumaa ya zamu ilipofika alivaa shati safi. Saa tisa na nusu akapata ujumbe wa Yvette: Iteka ana sherehe ya kuzaliwa ya rafiki yake, samahani, labda zamu ijayo. Akaandika sawa. Akavua shati, akalitundika.

"Labda," aliniambia. "Bibi, hilo labda nililisoma mara nyingi."

Katika zile wiki mbili nyingine alikaa siku moja kwenye cherehani, akatia uzi mweusi, akayaweka mabawa chini ya sindano. Mguu uko tayari kwenye pedali. Akaondoa mguu. Alisema, nikimaliza, hana cha kufuata.

Ikaja Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Safari hii hakuvaa shati safi, alibaki na la kazini, lina vinyuzi vya mapazia. Saa kumi na nusu akasikia gari. Akatoka mlangoni.

Iteka alikuwa anashuka na sanduku kifuani. Hakukimbia, sanduku lilikuwa zito na ndani linasogea. Akaja hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na kwa kuwa ndani hakukuwa tena na banda la kukimbilia, ilibidi asimame. Akasimama mbele ya baba yake.

"Fundi yupo?"

"Yupo."

"Wateja wake wamekuja kujaribu."

Yvette akapiga honi, akapunga mkono, akaondoka.

Wakawatoa mezani. Karanga alionekana kama amenenepa huko Liverpool. Fiacre akamfunga bawa, akapitisha vidole viwili chini ya utepe, vikapita bila shida. Biskuti naye, vikapita. Mtoto akainama, akafumba jicho moja, akavuta utepe huku na huku.

"Inabana hapa," akasema.

"Hapa?"

"Na hapa. Hapa ndio kabisa." Akasema kwa Kiswahili, na safari hii hakusema taratibu. "Itabidi ufumue, Baba. Itabidi nirudi tena."

Fiacre akachukua futi. Akampima Karanga kifua, akampima Biskuti, akaandika kwenye daftari namba zile zile zilizokuwemo.

"Kweli," akasema. "Inabana sana. Njoo baada ya wiki mbili."

"Wewe fundi gani wa njoo, njoo?"

"Ndiyo mafundi walivyo, mama. Umezoea wa Kizungu."

Wakala wali na maharage. Iteka akajaza sanduku majani yale marefu ya uani, akaliweka sakafuni karibu na godoro lake, mkono mmoja ndani, na jua lilikuwa ndiyo kwanza linazama alipolala, kwa uchovu wa shule na safari. Wale wawili wakaendelea kutafuna, kisha nao wakanyamaza.

Fiacre akakaa na mkasi mdogo. Hakutaka mtoto awe amesema uongo. Akafumua mishono mitatu ya bawa la Karanga na mitatu ya bawa la Biskuti, pale pale alipoonyeshwa, akauviringa uzi mweupe kwenye kidole, akazima taa, akalala.